Gego la mwisho la Hamisi

Mama Hamisi: Shikamooni wakubwa. Hamisi shavu limevimba, mdomo haufunguki, hata vidole viwili haviingii. Daktari anasema gego la mwisho limelala, limeegemea jino la jirani, lazima apasuliwe fizi. Naogopa jamani.

Shangazi: Marahaba mwanangu, pole sana. Apasuliwe kwa jino tu? Asukutue maji ya karafuu.

Rehema: Shangazi shikamoo. Karafuu itamtuliza tu. Mimi nilihangaika na gego kama hilo miezi 8. Likiwaka nanunua vidonge duka la dawa, linapoa, mwezi haupiti linawaka tena. Chakula kinaingia chini ya kile kijinyama kilicholifunika, na mswaki haufiki.

Bamdogo: Walikulaza?

Rehema: Hapana Bamdogo. Sindano za ganzi, nimekaa kitini macho wazi. Wakachana fizi, wakasaga mfupa kidogo, jino wakalikata vipande viwili. Maumivu sikusikia, ila unavyokandamizwa unasikia mpaka sikioni, na jino likipasuka linalia kama ukuni mkavu. Hapo nilimng'ang'ania nesi mkono. Nikashonwa nyuzi 3, nikarudi nyumbani.

Mama Hamisi: Wanataka picha ya taya zima kwanza.

Rehema: Msiiruke dada. Mizizi ya magego ya chini inakaa karibu na mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya. Ukiumia, mdomo wa chini na kidevu vinaweza kukaa na ganzi wiki kadhaa, hata miezi. Muulize daktari mizizi ya Hamisi imekaaje.

Mama Hamisi: Nitauliza. Upasuaji ni Alhamisi, amepewa dawa uvimbe upungue kwanza.

Rehema: Sasa nisikilize hapa, maana ndipo nilipoumia mimi. Ile damu inayoganda shimoni ndiyo inayofunika mfupa. Siku ya kwanza asisukutue, asiteme mate kwa nguvu, asinywe kwa mrija, sigara asiiguse kabisa. Mimi nilisukutua kwa nguvu, donge likatoka. Siku ya tatu maumivu yakapanda mpaka sikioni, mdomo unanuka, panadol haifui dafu. Nilirudi wakanisafisha, wakaniwekea dawa shimoni. Shangazi, ile dawa ina mafuta ya karafuu! Nilitulia siku ileile.

Shangazi: Alhamdulillah, kumbe ina mahali pake. Basi nakuja Jumatano, nitampikia uji mwepesi na kuupoza.

Mama Hamisi: Na maji ya chumvi?

Rehema: Kuanzia kesho yake. Yawe vuguvugu, ayashike mdomoni kisha ayaachie yamwagike yenyewe.

Bamdogo: Mama Hamisi, uvimbe ukishuka shingoni, au akishindwa kumeza mate au kupumua vizuri, msisubiri Alhamisi. Nipigie hata saa nane usiku, gari lipo.

Rehema: Kweli kabisa, hapo ni hospitali moja kwa moja.

Mama Hamisi: Asante Bamdogo. Mate anameza, na uji kikombe kizima kamaliza sasa hivi. Nimemwongezea mto, analala kichwa juu. Nalala chumbani kwake leo.