Tamasha la Agosti: ratiba saa mbili asubuhi, mgeni wa heshima saa nane, mvua saa tisa

Jameni, kamati ya tamasha ikome kutuambia ati mvua ndiyo iliharibu sherehe. Mvua ya huku Kakamega ina saa zake na mtoto wa chekechea anazijua. Asubuhi ni kweupe. Joto likipanda, upepo wa Ziwa Victoria unasukuma unyevu kuja bara, unakutana na mwinuko wa Nandi upande wa mashariki, na ikifika saa nane wingu limeshasimama. Saa tisa au kumi linamwagika. Agosti haijawahi kuwa kiangazi huku, hata mabango yakichorwa jua la manjano ili kuwavuta watu wa Nairobi.

Ratiba iliyobandikwa sokoni ilisema saa mbili asubuhi. Kilichofanyika saa mbili ni kujaribu maiki. "Halo, halo, moja mbili." Kuanzia hapo hadi saa nane watu wamekaa juani, kwa sababu hakuna kinachoruhusiwa kuanza jukwaani kabla mgeni wa heshima hajaketi. Alipofika akapewa dakika kumi, akatumia arobaini. Nyuma yake waheshimiwa wengine, kila mmoja na "sitaki kuchukua muda mwingi." Kundi la kwanza la isukuti, ngoma yetu ya jadi, lilipanda jukwaani saa tisa na robo, pamoja na matone ya kwanza.

Sasa tuje kwa fahali, maana hapo ndipo unajua kamati haikuuliza mzee hata mmoja. Huku kwetu, kwa jamii za Isukha na Idakho, fahali hupiganishwa asubuhi na mapema, na si ushamba. Mnyama hajachoshwa na joto, uwanja haujajaa, na watu wanatawanyika mapema waende shughuli zao. Kamati ikawapangia saa saba mchana ili picha zitoke vizuri. Walifungwa tangu alfajiri, wakahemea juani, na jozi ya kwanza ikanusana tu, kila mmoja akageuka. Watu wakacheka. Fahali hana kosa.

Kibaya zaidi ni uwanja wenyewe. Pigano huisha mmoja akigeuza mgongo, na aliyeshindwa hatazami nani yuko mbele, hukimbilia mwanya wa kwanza anaouona. Kwa hiyo upande mmoja lazima uachwe wazi kabisa, upana wa malori mawili kupishana, bila mtu, bila pikipiki, bila kamba ya hema. Mwanya huo mwaka huu uligawanywa kuwa vibanda vya chakula. Karai la mafuta ya mandazi lilikuwa linachemka juu ya jiko la mawe matatu pale pale ambapo fahali angepita. Kwamba hakuna aliyeungua ni bahati, msituletee kama mafanikio.

Na hili la moto wa ngoma limeniudhi kuliko yote. Isukuti ni ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya swara na njuga za chuma. UNESCO iliiweka mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Hewa ikiwa na unyevu, ngozi ya ngoma hulegea, ukiipiga inatoa sauti ya godoro. Dawa yake kila mpigaji anaijua: unawasha kimoto cha majani makavu kando, unaizungusha ngozi juu ya joto bila kuigusisha mwali, unagonga kwa kidole, unasikiliza, unarudisha tena hadi ilie. Wapigaji walikuwa wanafanya hivyo nyuma ya jukwaa. Askari wa tamasha akaja na ndoo ya maji, akauzima moto, ati moshi unaingia hema la wageni. Si mngesogeza hema?

Halafu fundi wa sauti akalaumiwa kwamba ngoma hazisikiki. Sauti nayo ina hesabu yake. Jenereta moja ilibeba spika, friji za soda na birika za chai za hema la wageni. Birika moja la umeme hula karibu kilowati 2. Kila likiwashwa volti zinashuka, amplifaya inajizima, MC anabaki anapayuka bila maiki. Juu ya hayo, waya wa kwenda jukwaani ulikuwa ule mwembamba wa milimita za mraba 1.5, umevutwa kama mita 60. Ukivuta ampea 10 hapo, volti kama 17 zinapotelea njiani. Waya wa milimita za mraba 4 ungepoteza chini ya 7. Spika zipewe jenereta yake, jikoni kupewe yake, na viungio vya waya viinuliwe kutoka kwenye nyasi. Mwaka huu vilikuwa vimefungwa kwa karatasi ya nailoni na kulazwa chini, mvua ikiwa njiani.

Vyoo sitasema mengi. Milango minne ya wanaume, minne ya wanawake, mnaita usawa, na foleni ya akina mama ikafika barabarani. Tangi la lita 1,000 lenye bomba moja, limewekwa chini kabisa, maji yanatoka kama machozi. Mtu akitumia lita moja kunawa, hilo ni la watu elfu moja, mara moja tu, na hapo wengine bado hawajala.

Mvua iliposhuka ndipo kila mtu alitaka kuondoka kwa wakati mmoja. Matatu ni watu 14. Umati wa elfu tatu ni safari zaidi ya 210, na lango ni moja, la magari na la miguu pamoja. Udongo wetu mwekundu ukilowa ni sabuni. Gari la kwanza likateleza likaziba lango, na nauli ikapanda papo hapo. Wengine wakabaki chini ya hema za vyuma, radi ikipiga, na MC anawaambia "tulieni tu hapo."

Mwaka ujao fahali waanze saa kumi na mbili asubuhi, isukuti saa tatu, hotuba saa tano, saa nane watu wawe wameshapanda matatu. Mgeni wa heshima akichelewa, akute ngoma zinalia, aketi.

JIBU: Umesahau vibanda. Watu walilipia nafasi wakaambiwa ada inajumuisha hema na taa. Hema halikuwepo, taa hazikuwepo, na stakabadhi imeandikwa "mchango" badala ya kodi ya kibanda. Kwa neno hilo utarudishiwa nini?

MWENYE UZI: Ndiyo maana waliliandika. Wenye stakabadhi wazipige picha waziweke hapa, wafiche majina na nambari za simu. Tuanze kujumlisha hizo ada.