Naomba kujuzwa: Seo Jae-pil, yule daktari Mkorea wa Media, Pennsylvania, alikuwa nani hasa?

MamaTatu_Philly

Habari zenu wanajukwaa. Nafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani, huku Upper Darby. Mmoja wao ni babu wa Kikorea, na ukutani kwake ametundika picha ya mzee wa zamani aliyevaa suti na tai. Nikadhani ni baba yake. Akasema hapana, huyo ni Seo Jae-pil, "daktari wetu", machozi yakamlengalenga, na Kiingereza chake na changu hakikutufikisha mbali. Binti yake akaniongezea tu kwamba Wamarekani walimwita Philip Jaisohn na kwamba nyumba yake ipo Media.

Mwenye kumjua anieleze taratibu, mimi sijui chochote. Alikuwa mtu wa sayansi, wa siasa, au wa dini? Na imekuwaje mtu aliyefariki zamani hivyo bado analiliwa?

FundiSlaidi

Dada, hapo umenigusa. Mimi ni mtu wa maabara, kitengo cha patholojia (tunachunguza ugonjwa kwenye vipande vya nyama ya mwili), na huyo mzee alikuwa wa fani yangu. Nitajaribu kuanzia mwanzo.

Alizaliwa 1864 huko Boseong, kusini mwa Korea, katika ukoo wa watu wa vyeo. Akafaulu mtihani wa utumishi wa mfalme akiwa bado kijana, kisha akapelekwa Tokyo kusomea uafisa wa jeshi. Desemba 1884, ana miaka 20, akaingia kwenye kundi la vijana waliotaka kuipindua serikali ili nchi ifanye mageuzi na itoke chini ya China. Walishika madaraka siku tatu. Askari wa China wakaingia, ikaishia hapo. Yeye na wenzake wachache wakapata meli ya kukimbilia Japani, na adhabu ikawaangukia waliobaki nyumbani. Wazazi wake walikufa, mkewe alikufa, ndugu yake aliuawa, na mwanawe mchanga akafa njaa kwa sababu hakubaki wa kumlisha.

Mwaka uliofuata akashuka San Francisco hajui Kiingereza. Kazi aliyopata ni kusambaza vipeperushi vya duka la samani, nyumba hadi nyumba. Mtoto wa ukoo ule! Baadaye mfanyabiashara mmoja wa Wilkes-Barre, John Hollenback, akamleta huku Pennsylvania na kumsomesha sekondari. Akapewa sharti: aendelee na chuo, halafu arudi Korea akiwa mmisionari. Akakataa, ufadhili ukakatika.

Akahamia Washington. Huko mchana alifanya kazi kwenye maktaba ya tiba ya jeshi, akitafsiri vitabu vya tiba vya Kichina na Kijapani, na usiku anaingia darasani. Mwaka 1890 akapata uraia wa Marekani, Mkorea wa kwanza kuupata. Mwaka 1892 akahitimu udaktari, tena Mkorea wa kwanza katika nchi hii.

Hilo la uraia sisi wageni tulitazame vizuri. Sheria ya wakati ule iliwaruhusu watu weupe na watu wenye asili ya Afrika tu. Mtu wa Asia hakutajwa. Yeye akapita, lakini mwaka 1922 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwenye kesi ya Mjapani aitwaye Takao Ozawa, ikasema wazi kwamba watu wa aina yake hawastahili. Wakorea waliokuja baada ya Jaisohn wakalima mashamba ya California na kuzeeka humu bila uraia, hadi sheria ilipobadilishwa 1952. Kwa hiyo alipokuwa anawasemea, alikuwa karibu mtu wao pekee mwenye kiti ndani ya nyumba.

Kuhusu miaka aliyorudi Seoul na gazeti alilolitoa huko, nawaachia walioko huko. Mimi naruka hadi Philadelphia, maana ndipo alipopata hadhi ya mzee wa jamii.

Aliporudi Marekani 1898 udaktari haukumpa riziki nzuri. Akafungua biashara ya kuchapa na kuuza vifaa vya ofisi mjini Philadelphia, na ikastawi. Machi 1919 Wakorea wakaandamana nchi nzima kuipinga Japani iliyokuwa ikiwatawala, wakapigwa risasi. Jaisohn akaita mkutano wa Wakorea wa Marekani hapa Philadelphia, tarehe 14 hadi 16 Aprili 1919, kwenye ukumbi mdogo wa michezo ya kuigiza mtaa wa Delancey. Siku ya mwisho wakatembea kwa maandamano hadi Independence Hall, jengo ambamo Marekani ilitangaza uhuru wake, na Syngman Rhee, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Korea Kusini, akasoma tangazo la uhuru. Baada ya hapo Jaisohn akatoa jarida la kila mwezi la kuitetea Korea na akaanzisha chama cha marafiki wa Korea kilichowaunganisha Wamarekani wa kawaida. Pesa nyingi zilitoka mfukoni mwake, na kazi ya ofisi ikakosa mwenyewe. Mwaka 1924 akafilisika.

Sasa fikiria, dada: ana miaka 62, hana kitu, ana mke aliyemwoa huku Marekani na mabinti wawili. Mwaka 1926 anaingia Chuo Kikuu cha Pennsylvania kukaa darasani na vijana, ili arudie tiba aliyoiacha. Akawa mtaalamu wa patholojia kwenye hospitali za jimbo hili na kuchapisha tafiti kwenye majarida ya kitabibu.

Kazi hiyo naijua kwa mikono yangu. Kipande cha nyama kutoka kwa mgonjwa kinakaushwa maji, kinazamishwa kwenye nta ya moto, nta ikishaganda unakikata vipande vyembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Unakielekeza juu ya maji ya uvuguvugu kijikunjue, unakinasa kwa kioo, unapaka rangi mbili: viini vya seli vinageuka buluu, vilivyobaki waridi. Ndipo unainamia hadubini na kutafuta seli zilizoasi. Shingo inauma, macho yanachoka hata ukiwa na miaka 30. Yeye alianza upya akiwa na umri ambao wengi wanahesabu pensheni, na mgonjwa anayesubiri jibu lile haoni hata uso wako. Namheshimu kwa hilo kuliko hata kwa mikutano yake.

Vita vya Pili vilipoanza alijitolea kuwapima afya vijana wanaoingia jeshini. Mwaka 1945 Bunge la Marekani likamtunuku medali.

Otieno_Seoul

Sasa wadau. Niko Seoul kimasomo, na hapo eneo la Seodaemun napita mara nyingi. Gazeti alilotuachia FundiSlaidi linaitwa Tongnip Sinmun, maana yake Gazeti la Uhuru. Toleo la kwanza lilitoka tarehe 7 Aprili 1896, na hadi leo siku hiyo ni Siku ya Magazeti hapa Korea. Kurasa tatu ziliandikwa kwa herufi za Kikorea tupu, moja kwa Kiingereza. Wakati huo wasomi waliandika kwa herufi za Kichina, mkulima na mama wa nyumbani hawakuambulia kitu. Jaisohn akaweka na nafasi kati ya neno na neno ili msomaji asipotee.

Pale pale Seodaemun palikuwa na lango la kuwapokea wajumbe wa mfalme wa China. Klabu ya Uhuru, aliyoianzisha yeye na wenzake, ikachangisha pesa, na mwaka 1897 Lango la Uhuru la mawe likakamilika. Nguzo mbili za lango la zamani zimeachwa mbele yake, unaweza kuzishika kwa mkono. Sanamu yake iko kwenye bustani hiyo, ameinua gazeti juu.

Bukavu_Moja

Asante kwa maelezo, lakini niseme ukweli. Mtu aliyeingia mapinduzi akiwa na mtoto mchanga nyumbani, familia ikaisha, yeye akasalimika. Sisi wa Kivu tunajua wanaolipa ni akina nani. Mnampaje uzee wa jamii?

FundiSlaidi

Kaka Bukavu, swali lako ni la haki na sitalikwepa. Deni lile hakulimaliza, na sidhani kama linalipika. Tena si hilo tu: miaka ile ya gazeti aliitazama Japani kama mwalimu wa maendeleo, na mwaka 1910 Japani ikaimeza Korea yote. Alikosea kuhusu jambo kubwa kabisa la nchi yake.

Ninachokiangalia ni alivyoishi baada ya hapo. Mwaka 1947, ana miaka 83, Jenerali Hodge wa jeshi la Marekani, lililokuwa likisimamia kusini mwa Korea, alimwita Seoul kuwa mshauri. Watu wakakusanya saini wakimtaka agombee urais. Alikataa, na mwaka 1948 akarudi huku kutibu watu. Alifariki Norristown tarehe 5 Januari 1951, siku moja baada ya Seoul kutekwa kwa mara ya pili na majeshi ya Korea Kaskazini na China. Majivu yake yalipelekwa makaburi ya taifa Seoul mwaka 1994.

MamaTatu_Philly

Mbarikiwe sana. Leo nimemuuliza binti tena. Kumbe babu alipofika Marekani hakuwa na bima, na kliniki iliyompokea akahudumiwa kwa Kikorea ilikuwa na jina la huyu daktari. Ndiyo hiyo "daktari wetu". Naweza kumpeleka Media akaione nyumba?

FundiSlaidi

Naam, hiyo ni taasisi ambayo Wakorea wa Philadelphia waliianzisha mwaka 1975 kwa jina lake, kwa ajili ya wazee na wahamiaji wasio na uwezo. Babu hakukutana naye, lakini alitibiwa naye kwa namna hiyo.

Nyumba iko East Lincoln Street, aliishi humo tangu 1925 na imekuwa makumbusho tangu 1990. Ni nyumba ya kawaida ya kuishi, si jumba kubwa, kwa hiyo msiende kwa kubahatisha. Piga simu kwanza, uliza siku na saa, na kama babu anatembelea kigari uliza ngazi zikoje. Mchukue na binti yake awe mkalimani, usikose maneno ya babu.