Ushauri: altrasaundi ya mkononi kwa watoto, inagundua nimonia mapema kweli?

Tabibu wa Zamu:
Habari zenu wakuu. Nipo kwenye kituo kidogo kisicho na eksirei. Watoto wengi tunaowapokea wana homa na kikohozi, na anayehitaji picha ya kifua lazima apewe rufaa, mzazi aanze kuhangaika na usafiri huku mtoto anazidiwa. Uongozi umekubali kununua altrasaundi ndogo, zile za kuchomeka kwenye simu. Waliokwisha kuitumia naomba mwongozo: nimonia inaonekana, au bora hela iende kwenye oksimita, kile kipima oksijeni ya damu? Na probu, kile kichwa kinachogusishwa mwilini, ipi inafaa? Sitaki kifaa kiishie kabatini.

Sonografa:
Inaonekana mkuu, tena kwa mtoto huonekana vizuri kuliko kwa mtu mzima kwa kuwa kifua chake ni chembamba. Chukua probu bapa ya masafa ya juu, megahezi 7 hadi 12 hivi. Ile iliyopinda, megahezi 2 hadi 5, inafaa zaidi tumboni.

Pafu lisilo na shida lina mstari mweupe unaoteleza kila mtoto anapovuta pumzi. Lenye nimonia limejaa majimaji badala ya hewa, kwa hiyo linafanana na ini, na ndani yake kuna vidoa vyeupe vya hewa. Vidoa vikitembea na pumzi, shuku nimonia kwa nguvu.

Sasa jihadhari na tezi ya thaimasi. Imekaa nyuma ya mfupa wa kidari, kwa mtoto mchanga ni kubwa, na kwa anayejifunza inafanana mno na pafu lililougua. Nayo ni tezi ya kawaida kabisa! Wengu upande wa kushoto unadanganya vilevile, ndiyo maana kwanza tafuta kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo, ujue kifua kinaishia wapi.

Daktari wa Watoto:
Oksimita msiiguse kwenye bajeti, tafadhali. Altrasaundi haikwambii oksijeni imeshuka kiasi gani. Pumzi nazo ziendelee kuhesabiwa kwa dakika nzima: 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza 5, hizo ni za haraka.

Ninaloliogopa zaidi ni picha isiyoonyesha nimonia kumpa mtu moyo wa kumrudisha nyumbani mtoto ambaye kifua kinabonyea ndani. Nimonia iliyo katikati ya pafu, isiyofika kwenye utando wake, altrasaundi haiioni. Na kinyume chake, sehemu za pafu zilizougua zenye upana wa chini ya sentimita 1 mara nyingi ni virusi tu, msikimbilie antibayotiki.

Mama Muuguzi:
Mtoto abaki mapajani, akimkumbatia mama yake, nawe uanze mgongoni. Jeli ipashe joto kiganjani kwanza. Ukimlaza chali na kumpaka jeli ya baridi atalia, na picha nzuri hupati tena.

Tabibu wa Zamu:
Asanteni sana. Je, tumbo tunaweza kulipima pia?

Sonografa:
Baadaye. Anzeni na mapafu peke yake, na mwanzoni kila picha ipitiwe na mtu mzoefu kabla haijabadilisha matibabu. Mkishaiva, jifunzeni utumbo ulioingia ndani ya utumbo: huwapata hasa watoto wa miezi 3 hadi miaka 3, mtoto analia kwa vipindi huku akikunja miguu. Kwenye skrini ni duara ndani ya duara, kipenyo kwa kawaida kinazidi sentimita 2.5. Huyo ni wa rufaa saa hiyohiyo. Na hata usipoliona duara, dalili zikiwepo mpe rufaa.

Daktari wa Watoto:
Nyongeza: mkimtumia mzoefu picha kwa simu, futeni jina la mtoto. Bakizeni umri, dalili, na upande wa kifua uliopimwa.