Mzee yuko ICU siku ya sita, ukoo unataka tumpeleke Dar, daktari anasema hahamishiki

BintiMkubwa:
Habari zenu wakuu, naandika nikiwa kwenye benchi nje ya ICU kwa hiyo mnisamehe nikichanganya mambo. Baba ana miaka 64, mtu wa presha siku nyingi na dawa alikuwa anameza siku akijisikia kichwa kinamuuma tu. Jumatano alfajiri kaanguka bafuni, mkono na mguu wa kulia havina nguvu, mdomo umeenda upande, mpaka tunamfikisha hospitali ya huku mkoani alikuwa anakoroma tu, ukimwita haitiki. Wakampiga CT skani wakasema damu imevuja ndani ya ubongo, wakamuweka mpira wa kupumulia, mpaka leo hajafumbua macho.

Shida ni kwamba kila daktari anayeingia zamu ana lake. Mmoja anasema tusubiri uvimbe upungue, wa jana kasema tujiandae. Nikamuuliza hakuna upasuaji? Kasema hapa hakuna bingwa wa ubongo. Nikamwambia basi tupeni rufaa, kajibu mgonjwa hahamishiki, atafia njiani. Baba mdogo yuko Dar, kashachangisha hela kwenye grupu la ukoo, anataka tukodi ambulansi usiku huu huu, na akipiga simu anagomba kama mimi ndo nimemuangusha mzee bafuni. Mama analia tu. Mimi ndo mtoto wa kwanza, ndo natakiwa nisaini.

Hivi inaruhusiwa kuomba daktari mwingine amuangalie mgonjwa bila wa hapa kuona unawadharau? Na ingekuwa nyie mngemtoa?

Mshona_Viatu:
Pole dada. Mtoe hapo haraka, peleka MOI, ile taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili, wale ndo wanajua vichwa. Shemeji yangu alipigwa na boda akapelekwa hajitambui, wakampasua, saa hizi anaendesha daladala.

Nesi_wa_zamu:
@Mshona_Viatu ya shemeji yako ni kitu kingine mkuu. Ya ajali mara nyingi damu inakaa kati ya fuvu na ubongo, wanatoboa wanaitoa. Ya presha mara nyingi imevujia ndani kabisa, na hapo hata bingwa wa MOI anaweza kuangalia picha akasema hapa sipasui. Sasa mtu umemsafirisha usiku kucha kwenda kuambiwa hivyo.

Dada, itangulize picha kabla ya mzee. Omba sidii ya CT skani, maana karatasi ya majibu peke yake haitoshi, bingwa anataka aone damu iko wapi na ni kubwa kiasi gani. Omba na muhtasari wa mgonjwa: GCS yake ya siku aliyoingia na ya leo (ndo kipimo cha kujitambua, kinaanzia 3 mpaka 15, na wa 8 kushuka ndo hao wanaowekwa mpira), presha inasomaje, mboni za macho, figo, sukari, mashine inampumulia yote au anajisaidia. Huo muhtasari ukiupata, bingwa wa hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma au Muhimbili anaweza kutoa maoni mzee akiwa hapo hapo kitandani.

Kuhusu kudharau, inategemea umeombaje. Usimvamie daktari wa zamu saa nane usiku. Subiri raundi ya asubuhi, mwambie daktari tunaomba umpigie bingwa mwenzako mshauriane, sisi tutakubali lolote. Kupigiana wao ni kawaida kabisa, huwa wanatumiana picha kwenye simu kila siku. Akikataa panda kwa mganga mfawidhi, yule mkuu wa hospitali.

Kigoda:
Mimi sitaki kukutisha ila bora nikwambie. Mama yangu tulimtoa hospitali kwa kusaini wenyewe, tukakodi kinachoitwa ambulansi, kumbe ni Noah imefungwa king'ora. Mtungi wa oksijeni ukaisha katikati ya pori. Tukafika naye yuko hai bado, lakini huko tunakoenda hakuna aliyekuwa na taarifa na ICU imejaa, tukakaa mapokezi mpaka asubuhi. Alifariki saa nne. Mpaka leo ndugu hatujaongea vizuri kuhusu ile safari.

Nesi_wa_zamu:
Pole sana Kigoda. Hilo la mtungi watu hawalipigii hesabu. Mtungi mdogo wa lita 680, mgonjwa akivuta lita 10 kwa dakika, unakupa saa moja na dakika chache basi. Dada kutoka kwenu mpaka Dodoma masaa mangapi?

BintiMkubwa:
Manne, malori yakiwa machache.

Nesi_wa_zamu:
Basi piga hesabu. Kama mtahama, kwanza jina la daktari aliyekubali kumpokea na kitanda cha ICU kimethibitishwa, pili nesi au daktari wa kusindikiza anayejua kurudisha mpira ukichomoka, tatu mitungi ya kufika na ya ziada. Na mzee kama ana bima msitoke bila fomu ya rufaa, mkisaini kumtoa wenyewe mnaweza kujikuta mnalipa keshi.

Mshona_Viatu:
Sawa nesi nimekuelewa, nilisema kwa nia njema.

BintiMkubwa:
Wakuu mrejesho. Nimeomba kama nilivyoelekezwa, daktari wa raundi wala hakununa, kampigia bingwa mbele yangu na picha wakamtumia. Jibu limekuja mchana: damu iko ndani sana, hapasui. Ila kauliza mbona presha bado iko juu vile, kabadilisha dawa, na kasema ikifika siku ya kumi bado hapumui mwenyewe wamtoboe shingoni mpira utoke mdomoni, na hapo akitulia atampokea. GCS ilikuwa 6, leo asubuhi wamesema 7. Sijui ni kitu au si kitu.

Baba mdogo nimemuunganisha kwenye simu na daktari wakaongea wenyewe. Kakaa kimya muda, halafu kaniuliza basi la alfajiri linatoka Dar saa ngapi.

Kigoda:
Saa kumi na moja. Mwambie akate tiketi leo, yanajaa.