Kompyuta inanitoa jasho, nisaidieni wakuu

Mleta mada
Wakuu msinicheke. Nina miaka 52, nimetunza stoo kwa daftari miaka yote, sasa bosi kasema mwezi ujao kila kitu kwenye kompyuta. Nikikaa mbele yake mikono inalowa jasho mpaka mausi inateleza. Jana kimetokea kidirisha kinauliza kama nina uhakika nataka kufuta, nikanyanyuka nikajifanya naenda chooni, narudi bado kipo kinanisubiri. Naogopa nitabonyeza kitu data zote zipotee halafu niambiwe nilipe. Huu uoga unaisha kweli?

Fundi_Kimya
Hahaha pole mkuu, ya chooni nimeipenda. Ila hicho kidirisha ndo kinakulinda, kinauliza kabla hakijafanya, daftari likilowa maji lilishawahi kukuuliza? Faili la kawaida ukilifuta linaenda kapu la taka humohumo ndani, unalirudisha. Ukikosea kuandika shika Ctrl ubonyeze Z, inarudi hatua moja nyuma, bonyeza tena inarudi nyingine. Fungua ukurasa mtupu uandike upuuzi ufute urudishe mpaka uzoee. Kwenye mfumo wa stoo lakini usifute kitu kabla hujauliza, huko si lazima kapu liwepo.

MamaWawili
Mi nilianza na gemu ya karata, Solitaire, ilikuja na Windows 3.0 mwaka 1990 na wengi ndo iliwafundisha kuburuta vitu na mausi bila wenyewe kujua. Cheza kaka yangu, bosi akija funga 😂

Mzee wa Hoja
Mnamwona mwoga bure. Kule Uingereza mwaka 1811 mafundi wa kufuma walianza kuvunja mashine kwa nyundo, wale Luddites, na si kwamba hawakuzijua, walikuwa wanazitumia, walichogombea ni ujira uliokuwa unashuka. Mwaka 1812 Bunge likapitisha sheria ya kuwanyonga wavunjaji. Kwa hiyo ndugu muulize bosi mapema, nani anatunza nakala ya data na inatunzwa kila baada ya muda gani, na upewe akaunti yako mwenyewe na nywila yako, usije ukabebeshwa kosa la mwenzio. Hayo ndo ya kuogopa, mausi utaizoea tu.

Mleta mada
Nakala sijawahi hata kuwaza, kesho nauliza. Hiyo Ctrl Z nimeijaribu sasa hivi kwenye kompyuta ya mwanangu, inarudi kweli! Ila nimenogewa nimebonyeza mno hata nilichotaka kibaki kimeondoka. Ya kukirudisha ipo?

Fundi_Kimya
Ctrl Y mkuu. Ila usiandike kitu kingine kwanza.