Kufuli kwa daktari: gumzo la kikundi cha Majirani wa Korti (nyumba za ua mmoja), mtaa wa Umoja, Nairobi

*Jumatano jioni*

Mama Shiru: Hamjambo majirani. Kuna anayejua kumetokea nini kwa daktari wa pale kona? Nimempeleka Shiru na kikohozi, nikakuta kufuli na karatasi mlangoni. Giza lilikuwa limeingia, nikaona muhuri tu.

Kevo: Wamemnyaka 😂 Kwa kinyozi wanasema ati ni bandia.

Kevo: Na mimi sikuamini kinyozi, nikajitafutia. Nimeingia kwenye tovuti ya KMPDC, lile baraza la madaktari, kwenye orodha yao, nikaandika jina lake. Hakuna mtu kama huyo.

Mama Shiru: Kevo usinitishe. Ndiye aliyemchanja mtoto wangu.

Mzee Odhiambo: KEVO WEWE ULIZALIWA JUZI. HUYO MTU ALINIFUNGULIA MLANGO USIKU WA MANANE PRESHA IKIWA IMEPANDA. NANI KWA HII KORTI HAJATIBIWA KWA DENI

Bi Zuhura: Mzee wangu, herufi kubwa zinaumiza macho. Lakini hilo la deni wasema kweli.

Baba Toni: Mimi ana mia nane yangu mpaka leo. Yaani mimi ndiye niko nayo 🙈

Sista Akinyi: Nimetoka zamu sasa hivi, ndio nasoma. Kevo, umemtafuta kwenye orodha isiyo yake. Yeye ni afisa wa kliniki, si daktari wa shahada ya udaktari. Leseni yake hutolewa na Baraza la Maafisa wa Kliniki. Sisi wauguzi tuna baraza letu, watu wa maabara wana bodi yao, dawa ziko chini ya Bodi ya Dawa na Sumu. KMPDC hushughulika na madaktari, halafu pia ndio wanaosajili kituo chenyewe na kukipa leseni ya kila mwaka. Kwa hivyo kuna karatasi ya mtu na karatasi ya kituo. Zote mbili zinafaa kuwa ukutani.

Kevo: Ngoja.

Kevo: Sawa, yuko. Leseni iko hai. Lakini kufuli je?

Baba Toni: Hapo naweza kusema, kwa sababu mimi ndiye naangalia hilo jengo na nilikuwepo. Walikuja asubuhi na gari la kaunti, wana fomu ndefu ya kujaza. Hawakuanza na daktari hata. Walianza na sinki. Wakafungua mfereji, maji yakatoka, wakauliza sabuni iko wapi. Akaanza kuitafuta 😬

Baba Toni: Halafu wakaenda kwa friji. Hiyo ndiyo ilileta maneno. Ndani chanjo ziko rafu ya juu, chini kuna pakiti mbili za maziwa ya chai na chupa ya soda imefunguliwa. Ile chati ya joto iliyobandikwa mlangoni mwa friji ilikuwa imejazwa vizuri kabisa mpaka mahali fulani, halafu mistari mitupu.

Baba Toni: Ile boksi ya manjano ya sindano nayo imejaa mpaka mdomo, sindano zingine zinachungulia nje. Na maabara, yule msichana hakuwa na leseni yake ya mwaka huu. Basi karatasi ya mlangoni inasema maabara imesimamishwa. Maabara tu! Kufuli ni lake mwenyewe, amefunga ili aende kushughulikia hizo karatasi.

Mzee Odhiambo: Kwa hivyo mtu anasumbuliwa kwa sababu ya maziwa. Maziwa!

Sista Akinyi: Mzee, nivumilie kidogo kwa hilo la maziwa, maana ndilo kubwa kuliko yote hapo. Chanjo hukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Joto husomwa asubuhi na jioni na kuandikwa, hata Jumapili. Friji yenye maziwa hufunguliwa kila mtu akitaka chai, na kila ikifunguliwa joto linaingia. Chanjo ya surua na ya polio haziwezi joto. Ile ya sindano ya pepopunda na homa ya ini, hiyo ikiganda imekufa. Na chanjo ikifa haibadiliki harufu wala rangi. Muuguzi anaichoma kwa moyo safi, mama anaandikiwa kwenye kijitabu, mtoto anaenda nyumbani bila kinga, na hakuna atakayejua mpaka surua iingie mtaani.

Mama Shiru: Aki sista. Shiru alipata ya surua pale akiwa na miezi tisa.

Sista Akinyi: Usikose usingizi. Chupa nyingi za chanjo zina alama kwenye lebo: kiduara cheusi-cheusi chenye mraba ndani yake. Mraba ukiwa mweupe kuliko kiduara, chanjo haijaharibiwa na joto. Ukifanana nacho au ukawa mweusi zaidi, hairuhusiwi kutumika. Mwenye kuchanja huangalia hiyo kwanza. Hata mzazi anaweza kuomba aonyeshwe, si matusi. Haionyeshi kama chanjo iliganda, lakini ya surua shida yake ni joto. Na hata hivyo kuna dozi ya pili ya miezi kumi na minane. Beba kijitabu, nenda kituo cha kaunti, waulize.

Mama Shiru: Asante. Kesho asubuhi.

Halima (Leicester): Salaam majirani, nimewakumbuka. Mama, shikamoo. Nimesoma yote nikiwa kwa basi. Huku nyie mngeshangaa. Kliniki ya daktari wa familia hukaguliwa na tume inaitwa CQC. Wana maswali matano: je, pana usalama? Tiba inafanya kazi? Wanawatendea watu kwa utu? Wanajali mahitaji ya watu? Na uongozi ukoje? Halafu kliniki inapewa daraja, ziko nne, kuanzia ya juu kabisa mpaka ile ya haifai. Tangu 2015 sheria inataka daraja libandikwe mahali wagonjwa wanaona, na ripoti nzima iko mtandaoni.

Bi Zuhura: Marahaba mwanangu. Umekula?

Kevo: Hiyo sasa ndiyo maneno. Bandika kwa mlango, kila mtu asome.

Mzee Odhiambo: Hayo ni ya Uingereza.

Halima (Leicester): Mzee, wala sijisifu. Kliniki yangu ina daraja la "nzuri" na bado kupata miadi ni vita. Unapiga simu saa mbili kamili asubuhi, unaambiwa wewe ni wa ishirini na kitu kwenye foleni. Na daraja lenyewe laweza kuwa la miaka kadhaa nyuma, daktari aliyesifiwa ameshahama.

Sista Akinyi: Na si ya Uingereza peke yake. Hapa kwetu kuna fomu ya ukaguzi wa pamoja, iliundwa ili kila bodi isiwe inakuja kivyake leo na nyingine kesho. Waliifanyia utafiti Kakamega, Kilifi na Meru, vituo vya serikali na vya watu binafsi. Kituo kilipewa alama, na alama ndizo zilizoamua wakaguzi warudi lini, aliye chini sana anafungwa, aliye dhaifu anarudiwa upesi. Vituo vingine vilibandikiwa matokeo hadharani. Usalama wa wagonjwa ulipanda, na wagonjwa hawakuishia kulipa zaidi. Hiyo ya mwisho ndiyo huwa nawaambia wenye kliniki wanaolia.

Kevo: Lakini sista, tuseme ukweli. Wakaguzi si wakija ni chai tu?

Baba Toni: Hawa hata maji hawakunywa. Nilikuwa nimewaletea.

Sista Akinyi: Kevo swali lako ni la haki. Ndiyo maana nataka matokeo yawe wazi. Mwaka 2025 vituo 728 vilifungwa na 301 vikashushwa ngazi. Mnakumbuka ile habari? Watu walibaki na hesabu. Lakini ukiuliza jirani kliniki yake ilikosa nini, sabuni au leseni au daktari mwenyewe, hana habari. Kwa hivyo kinyozi anajaza pengo.

Kevo: 😂😂 kinyozi ameingiaje

Mzee Odhiambo: Mimi nauliza kitu kimoja. Hawa wakimfunga kabisa, mtu wa presha kama mimi naenda wapi? Hospitali kubwa nipange foleni kutoka alfajiri?

Sista Akinyi: Hakuna aliyesema afungwe kabisa. Na leseni ikikosekana ndipo utaumia, kwa sababu SHA, ile bima ya afya ya serikali, haiingii mkataba na kituo kisicho na leseni. Utalipa mfukoni kila kitu.

Bi Zuhura: Mzee, sikiza. Mimi nilikaa na marehemu mume wangu kwa huyo daktari kila wiki. Alikuwa akimshika mkono akimwita "baba". Hilo siwezi kulisahau. Na sindano zilizofurika nazo zilikuwepo pale pale, pembeni ya mguu wangu, nikavuta buibui lisinase. Nikanyamaza, nikaona aibu kumwambia mtu mwema. Nampenda, na nataka akaguliwe. Sioni kwa nini nichague moja.

Mzee Odhiambo: Haya.

*Ijumaa mchana*

Mama Shiru: Wadau, amefungua. Nimetoka huko sasa. Kituo cha kaunti pia nilienda jana, wameangalia kijitabu, wamesema Shiru aendelee kama kawaida mpaka dozi ya pili.

Kevo: Ulimuuliza kuhusu leseni?

Mama Shiru: Sikuhitaji. Zote mbili ziko ukutani, kwenye fremu, pale palikuwa na kalenda ya benki. Sabuni iko. Boksi mpya ya manjano, na amechora mstari kwa kalamu pale robo tatu, ati ikifika hapo inafungwa inaenda kuchomwa. Friji nimeomba nione. Alinitazama kidogo, halafu akafungua. Hakuna maziwa.

Baba Toni: Maziwa yako kwangu, ameniomba nimwekee 😅

Mama Shiru: Maabara bado. Kipimo cha damu anakutuma kwingine mpaka leseni ya yule msichana itoke.

Kevo: Na ile ripoti ya alama? Aibandike.

Mama Shiru: Nilimwambia. Akasema atafikiria.

Sista Akinyi: Asipobandika nitamwendea mwenyewe. Atakasirika siku moja hivi, halafu ataona wagonjwa hawakukimbia.

Mama Shiru: Kuna kingine. Alinionyesha daftari. Si kwa ubaya, nilikuwa nimemuuliza kwa nini boksi ziliisha. Akafungua ukurasa wa madeni. Majirani, hiyo ni korti nzima. Akasema boksi, sabuni, mtu wa kubeba taka za hospitali, vyote ni pesa, na pesa iko kwetu.

Bi Zuhura: Ya Rabi.

Baba Toni: Nimetuma mia tano saa hii. Zimebaki mia tatu, mwisho wa mwezi.

Kevo: Mimi niko kwa hilo daftari?

Mama Shiru: Kevo, ukurasa wa pili. Ile siku ya kuumwa na mbwa.

Kevo: 💀 Natuma.

Halima (Leicester): Mama, lako nitalilipa mimi. Nitumie namba.

Mzee Odhiambo: Mama Shiru, hebu nitumie hiyo namba ya till. Nitumie pembeni, si hapa kwa kikundi.

Kevo: MZEE 😂😂😂

Mzee Odhiambo: Herufi kubwa zinaumiza macho.