Matairi chakavu kwenye tanuru la saruji: mbona kwenye tanuru langu yametoa moshi mweusi?

Swali: Mfyatua Tofali, Chamwino

Ndugu zangu, heshima kwenu nyote. Kazi yangu ni kufyatua na kuchoma matofali, na tangu Serikali ilipohamishia makao yake Dodoma, wateja hawajapungua. Kinachopungua ni kuni, kwa maana sasa inanibidi kuzifuata mbali, na bei yake inakaribia kumeza faida yote. Wiki iliyopita fundi pancha mmoja wa Kizota alinipa bure matairi chakavu ya malori, akaniambia kwamba viwanda vya saruji huyatumia badala ya makaa ya mawe. Nikatia mawili. Moshi mweusi ulitanda hadi kwa majirani, na mama mmoja mwenye pumu akalazimika kwenda kulala kwa dada yake. Nilikwenda kumwomba radhi asubuhi yake, lakini jambo hili halijanitoka moyoni. Naomba kuelimishwa: kama kiwanda kinaweza, mimi ninashindwa wapi? Na je, ni kweli kwamba kiwanda kinaweza bila kuwadhuru watu?

Jibu: Mhandisi wa Tanuru

Kaka, umefanya vema kuuliza kabla ya kutia tairi la tatu. Fundi hakukudanganya, kwa sababu Ujerumani, Japani na Marekani zimekuwa zikichoma matairi katika matanuru ya saruji kwa miongo kadhaa. Kilo moja ya tairi hutoa joto la megajuli 30 hivi, sawa na makaa ya mawe mazuri, ilhali kuni kavu hutoa karibu nusu ya hizo. Tofauti iko kwenye tanuru lenyewe.

Tanuru la saruji ni bomba refu la chuma lililojengewa matofali ya kuhimili moto kwa ndani, likiwa limelala kwa mteremko mdogo na kuzunguka polepole. Malighafi, ambayo sehemu yake kubwa ni mawe ya chokaa yaliyosagwa pamoja na udongo, hufikia nyuzi joto 1,450 ndipo igeuke klinka, yaani vidonge vigumu vinavyosagwa kuwa saruji, na mwali wenyewe hukaribia nyuzi 2,000. Hewa ya moto hukaa kwenye joto kali kwa sekunde kadhaa, oksijeni ikiwepo ya kutosha, kwa hiyo mafuta yote yanayotoka kwenye mpira huungua hadi mwisho. Tanuru lako, hata likiwaka vizuri, hufikia nyuzi 800 hadi 1,000 katikati tu, na pembeni ni baridi zaidi. Moshi mweusi uliouona ni kaboni ambayo haikuungua, yaani hata joto ulilolitafuta limepaa pamoja nao.

Jambo la pili ni chokaa. Salfa iliyo ndani ya mpira, ambayo kwako hutoka kama gesi inayochoma koo, kiwandani hunaswa na chokaa na kubaki ndani ya klinka. Nyaya za chuma nazo huyeyukia humo na kupunguza chuma ambacho kiwanda kingelazimika kuongeza kwenye mchanganyiko, hivyo halibaki jivu la kutupa. Kuna kipimo, hata hivyo: tairi lina zinki, na zinki ikizidi, saruji huchelewa kukaza.

Pia hatutii matairi mahali popote. Yakiingia pamoja na malighafi mbichi juu kabisa, kwenye mnara wa kuipasha moto kabla haijaingia tanuruni, yatapashwa moto polepole, mafuta yatoke kama mvuke na kupanda na hewa kabla hayajawaka. Ndiyo maana huingizwa kwenye mdomo wa tanuru, ambako hewa imeshapita nyuzi 1,000, au katikati ya bomba.

Jibu: Mama wa Mazingira, Area C

Naafiki maelezo ya mhandisi, ila swali la pili la ndugu yetu lisipitwe. Kiwanda kinaweza kikiwa na masharti: vichujio vya vumbi vinavyofanya kazi, vipimo vya moshi vinavyochukuliwa mara kwa mara, na kutotia tairi hata moja wakati tanuru linawashwa au linazimwa, maana hapo joto halijatulia. Hewa inayotoka inapaswa kupozwa upesi, kwa kuwa sumu iitwayo dayoksini hujiunda hewa inapokawia kati ya nyuzi 200 na 450. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ambao Tanzania ni mwanachama wake, unataja uchomaji wa taka mahali pa wazi miongoni mwa vyanzo vya sumu hiyo, na vilevile unayataja matanuru ya saruji yanayochoma taka hatarishi. Kwa hiyo anayeishi karibu na kiwanda ana haki ya kuomba aonyeshwe vipimo, naye asionekane mkorofi.

Jibu: Dereva wa Semi

Shikamoo mama, nami niongeze la barabarani. Kutoka hapa hadi kiwanda cha saruji cha Wazo, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 450, na tairi zima linapakia hewa kuliko mpira, kwa hiyo bila kuyakatakata nauli itakula thamani yake yote. Hata hivyo, malori yanayopandisha saruji Dodoma hurudi Dar es Salaam mengine yakiwa matupu, na jasi ya Itigi imeshaonyesha kwamba mzigo wa kanda yetu hufika viwandani. Matairi mengine yana kazi papa hapa, kwani mafundi wa katambuga hununua tairi lenye nyuzi za kitambaa badala ya nyaya. Mpaka yapate mwenyewe, kaka, yaweke chini ya paa, yasishike maji ya mvua na kuzalisha mbu wa dengi.

Kuhusu moto wako, ulizia pumba za mpunga kule Bahi. Hazina joto la mpira, lakini nimeona watu wakichomea matofali na jirani anaanika nguo.

Mfyatua Tofali, Chamwino

Nawashukuru sana. Yamebaki matairi matano, nimeyaingiza bandani. Dereva, kwa tanuru la matofali 10,000 nianze na magunia mangapi ya pumba, na hao watu uliowaona huzipanga katikati ya matofali au huzimwagia kwenye midomo ya moto?